Baa inapobadili mikono Mwigobero

Bia inayonywewa Mwigobero hutoka Mwanza. Kampuni ya bia ya TBL ina kiwanda pale, SBL nayo ina chake, na magari ya mawakala hupita Bunda yakashusha kreti zilezile Musoma nzima, iwe kwenye baa ya barabara ya Mukendo au kwenye kibanda kinachopakana na mwalo wa samaki. Safari ni Safari, Balimi ni Balimi. Bei ya chupa haipishani sana kati ya jirani na jirani. Kwa hiyo anayetaka kuielewa biashara ya baa za mtaa huu asianze na kinywaji. Aanze na meneja.

Na mameneja hawakai. Mwenye baa Musoma mara nyingi si yule anayekaa kaunta. Anaweza kuwa mtumishi wa umma, tajiri wa mitumbwi, au mama aliyeachiwa jengo na marehemu mumewe. Wapo wanaoajiri msimamizi na kupokea hesabu kila asubuhi. Wapo wanaokodisha baa pamoja na friji, viti, spika na meza ya puli, mpangaji mpya akalipa kodi ya miezi kadhaa mbele na kilemba kwa anayetoka. Mauti yakiingia, baa inakwenda kwenye mirathi na watoto wanapokezana funguo hadi mmoja achoke. Kila mara mambo hayo yanapotokea, wateja hugawanyika. Wengine husema baa imefufuka, wengine husema imekufa, nao wanazungumzia ukumbi uleule, wiki ileile.

Mimi naamini wote husema kweli. Baa ya Mwigobero haijawahi kuwa na mteja wa aina moja, na meneja mpya anayeanguka hapa huanguka kwa kutojua ni mteja yupi anayemlipia pango.

Tazama mahali penyewe. Mwigobero ni kata ya ziwani ndani ya Manispaa ya Musoma. Soko, mwalo na gati vimebanana. Kivuko cha MV Musoma huvusha watu na mizigo kwenda Kinesi, upande wa Rorya. Wanaoshuka hapo ni wachuuzi wa sato na sangara, mama wenye magunia ya dagaa, wapagazi, walimu wanaofuata benki, wagonjwa na ndugu zao. Manispaa nzima ina watu zaidi ya 160,000 kwa sensa ya 2022, lakini ajira za viwandani si zile za zamani: kiwanda cha nguo cha MUTEX kimepitia miaka mingi ya kusimama, na viwanda vya minofu ya sangara vimepungukiwa na samaki. Fedha inayofika kaunta jioni basi hutoka kwenye vyanzo vitatu, yaani ziwa, soko na mishahara ya serikali, na kila chanzo kina kalenda yake.

Hapo ndipo meneja aliyetoka mji mwingine hukosea kwanza. Yeye hupanga manunuzi kwa mwisho wa mwezi, kwa sababu alikotoka watu hulipwa tarehe 25. Mwigobero kuna mwezi mwingine, ule wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti samaki, mitumbwi hupumzika na matajiri hupiga hesabu na vijana wao. Siku hizo chache mvuvi ana fedha mkononi na ana usiku wa kulala nchi kavu. Baa ya karibu na mwalo isiyokuwa na akiba ya kutosha wakati huo imepoteza wiki yake bora, na iliyojaza stoo wakati wa giza imefungia mtaji kwenye kreti zisizotoka. Mameneja wa zamani hawana daftari la elimu hiyo. Wanatazama mwezi tu. Mpya anapokuja na mpango wake wa tarehe, wavuvi humkuta ameishiwa siku wanayomhitaji, wakahamia baa ya pili, na wengi hawarudi.

Kuna pia suala la saa. Sheria ya vileo ya mwaka 1968, ambayo ndiyo imekuwa msingi wa leseni za baa nchini, inataka baa za kawaida zianze kuuza pombe saa 10 jioni siku za kazi na kufunga saa 5 usiku. Mvuvi wa dagaa hurudi alfajiri. Saa 3 asubuhi ndiyo jioni yake: amelowa, amekesha, anataka kitu kabla ya kulala. Baadhi ya mameneja wa zamani walimpitisha mlango wa nyuma. Mpya, ambaye jina lake ndilo lililo kwenye leseni, anafunga mlango huo, na wavuvi wanamwita mgumu. Mimi nipo upande wake katika hili. Leseni ikifutwa hakuna atakayekunywa, asubuhi wala jioni. Ila aliyefunga mlango wa bia angefungua mlango wa jiko. Mkoa wa Mara ni nchi ya kichuri, ile supu ya nyama yenye uchungu ambayo Mkurya haombi radhi kuipenda, na bakuli la kichuri kwa ugali wa muhogo na mtama asubuhi halivunji sheria yoyote. Jiko linalowaka saa 12 asubuhi humfanya mvuvi aihesabu baa hiyo kuwa yake, hata kama jioni atakunywa mara moja tu kwa wiki.

Tuje kwenye daftari, maana ugomvi mkubwa unazaliwa hapo. Nyuma ya kaunta nyingi za Mwigobero kuna daftari la madeni, kurasa zimevimba kwa unyevu, majina ni ya utani au ya mitumbwi: fulani wa injini nyekundu, mzee wa drafti, mwalimu wa hisabati. Ni mkopo usio na karatasi wala riba, unaotegemea dada wa kaunta kumjua mtu, mke wake, na tajiri anayemvulia. Meneja mpya akifika, jambo la kwanza ni kulifunga daftari na kubandika ukutani kile kibao tunachokijua wote, leo taslimu kesho mkopo.

Anayo hoja. Chukua mfano wa chupa inayouzwa shilingi 2,000 ambayo baa imeinunua kwa 1,700. Chupa 10 zikinywewa kwa deni lisilolipwa, mtaji wa shilingi 17,000 umepotea, na kuurudisha kwa faida ya shilingi 300 kunahitaji kuuza chupa 57 nyingine. Hapo hujalipa umeme, pango, mlinzi wala leseni. Mkopo wa wateja wachache wasio waaminifu unaweza kuizamisha baa yenye watu kila siku, na mwenye mali haelewi kwa nini ukumbi umejaa na hesabu haina kitu.

Lakini mteja wa daftari naye ana hoja, na mimi naiona kuwa nzito zaidi. Mvuvi hana mshahara wa kila wiki. Wakati wa giza anavua, hesabu bado, mfukoni hana. Akinyimwa chupa mbili siku hizo, siku ya hesabu hatakuja kununua kumi. Daftari lilikuwa linamfunga kwenye baa ile kuliko spika na runinga yoyote. Wenye baa waliodumu hapa hawakulichoma daftari, waliliwekea kikomo. Chupa mbili kwa mtu, si zaidi, deni la mwezi huu lilipwe mbalamwezi hii, asiyelipa jina lake linatoka. Na dada aliyekuwa akimjua kila mdaiwa alibakizwa kazini.

Nasema alibakizwa kwa sababu kawaida ni kinyume. Meneja mpya huja na wahudumu wake kutoka Mwanza au Sirari, wadogo, wenye sare, wachangamfu. Wateja wa kupita huwafurahia. Wa kudumu hukereka kwa mambo ambayo mgeni hawezi kuyaona. Mzee wa kona hunywa bia ya moto, isiyopita kwenye friji. Dada wa zamani humtolea kwenye kreti bila kuulizwa, na huifungua akiwa ameshamwonyesha. Mhudumu mpya huja na ya baridi, imeshafunguliwa, inatoa moshi. Mzee anaisogeza pembeni. Chupa iliyofunguliwa hairudi kaunta, kwa hiyo inaandikwa kuwa shoti na binti anakatwa. Siku ya nne mzee haji, na binti anatafuta kazi kwingine. Watu wawili wamepotea kwa chupa moja, na kwenye hesabu ya meneja hakuna mstari unaoonyesha hasara hiyo.

Hili la shoti linanichoma. Katika baa nyingi mhudumu huchukua vinywaji kaunta kwa jina lake na kulipa wakati wa kufunga. Mteja akitoroka, yeye ndiye anayedaiwa. Amri ya kima cha chini ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka shilingi 150,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa baa, migahawa na nyumba za wageni, na amri ya 2025 ikapandisha tena viwango vya sekta binafsi. Anayelipa chini ya hapo na bado anakata shoti anaendesha baa kwa mfuko wa binti wa watu. Wateja huliona. Wengi hawalisemi, ila hawakai mahali ambapo mhudumu ana uso wa deni kila saa.

Upande mwingine wa ukumbi, mabadiliko yanasifiwa, na kwa haki. Watumishi wa manispaa na walimu wanapenda lipa namba, risiti ya mashine ya EFD, taa za maegesho na runinga kubwa siku ya Simba na Yanga. Wachuuzi wa samaki, wengi wao wanawake, wana kipimo chao, nacho ni choo. Mama aliyeshinda sokoni tangu alfajiri, ana fedha yake na kiu yake halali, hakai baa yenye choo kimoja kisicho na komeo. Meneja aliyejenga choo cha wanawake na kuweka maji amepata wateja ambao mtangulizi wake hakujua kwamba alikuwa akiwafukuza. Ukiwauliza hawa, baa haijawahi kuwa nzuri kama sasa, na hawana sababu ya kulililia daftari ambalo halikuwahi kuandika majina yao.

Muziki siurefushi. Wazee wanataka taarifa ya habari na drafti, vijana wanataka spika, na jirani asiyekunywa anataka kulala. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu 2015, na NEMC, wasimamizi wa mazingira, wamekwisha kufungia baa katika miji mbalimbali. Spika igeuzwe ndani.

Anayedhani ubishi huu ni wa baa ndogo tu akumbuke kwamba TBL yenyewe imepitia hayohayo. Katika miaka ya 1980 kampuni ikiwa ya umma, bia iliadimika na kujuana na mwenye baa kulikuwa na thamani kuliko fedha. Mwaka 1993 serikali iliwapa South African Breweries nusu ya hisa na uendeshaji, na 1998 hisa zikaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Bia ikapatikana kila kona. Safari, iliyoanza 1977, ikabaki na jina lake, na wapo wanywaji wa umri ule ambao mpaka leo hawakubali kwamba ladha ni ileile.

Wateja wa Uingereza wamekwenda mbali zaidi ya kulalamika. Mwaka 2003 wateja wa Old Crown, baa ya kijiji cha Hesket Newmarket huko Cumbria, waliunda ushirika wakainunua isije ikaangukia mikononi mwa mtu asiyewajua. Sheria ya 2011 ya nchi hiyo inawapa wakazi wa Uingereza nafasi ya kuiombea baa ya mtaa itambuliwe kama mali yenye thamani kwa jamii, ili ikitangazwa kuuzwa wapate muda wa kukusanya fedha. Mwigobero vikoba vipo, vyama vya wavuvi vipo, na sioni kwa nini kikundi kimoja kisikodishe baa inayokitegemea. Hadi siku hiyo, mteja wa hapa ana kura moja, nayo ni miguu yake.

Kwa wanaofikiria kuchukua baa ya mtaa huu nina ombi. Kabla ya kulipa kilemba, kaa pale kama mteja mwezi mzima wa angani, giza lake na mbalamwezi yake. Ongea na mchoma nyama na dada wa kaunta, umwahidi kila mmoja mshahara wa kisheria ukiwa bado hujapewa funguo. Jenga choo kabla ya kununua spika. Na mnapohesabu chupa na kreti siku ya makabidhiano, omba daftari la madeni lisomwe jina kwa jina mbele ya anayetoka, umwombe akupeleke kwa kila mdaiwa umsalimie.

Atakayefanya hivyo bado atasikia malalamiko, ila yatatoka kwa watu walioketi ndani.