Je, Wajua? Tiara yaweza kufua umeme

Mtoto wa Tarime au Mugumu anayerusha tiara anajua kamba inavyovuta mkono. Mvuto huo waweza kutoa nishati. Mwaka 1980 mhandisi Mmarekani, Miles Loyd, alionyesha kwa hesabu kwamba tiara inayokata upepo kwa kasi hutoa nguvu nyingi kuliko inayoelea mahali pamoja. Alitaja njia mbili, na hadi leo wahandisi hawajakubaliana ipi bora.

Katika ya kwanza, kamba huzungusha jenereta iliyoko ardhini. Kamba ikiisha kufunguka, tiara hurudishwa kwa nguvu kidogo, kisha huachiwa tena. Kampuni ya SkySails ya Ujerumani ilifuata njia hiyo, ikafunga mtambo wake Mauritius. Katika ya pili, jenereta hupaa na bawa, umeme ukashuka kwa waya. Kampuni ya Makani ya Marekani ilijenga bawa la mita 26 lenye mapangaboi 8, lakini ikafungwa mwaka 2020.

Kwetu ya kwanza ingefaa zaidi, kwani fundi hutengeneza jenereta akiwa amesimama chini. Ila Serengeti ni anga ya tai na tumbusi. Njia zao zichunguzwe kabla kamba yoyote haijapandishwa.