Masimulizi ya Kale na Historia: Ugogo na Ireland

Jina la mji wa Dodoma lina hadithi mbili. Ya kwanza yasema kwamba tembo mmoja alishuka kunywa maji kijitoni, akanasa katika matope, akazama polepole huku watu wakimtazama. Nao wakasema kwa Kigogo, Idodomya, yaani hapa pamezama. Ya pili ina hila ndani yake. Vijana wa Kigogo waliiba ng'ombe wa jirani zao wa kusini, Wahehe, wakawachinja na kuwala wote, wasibakize ila mikia. Wenye mali walipofuata nyayo waliikuta mikia imesimikwa katika kinamasi, wakaambiwa kwamba ng'ombe wao wamezama, na mikia ndiyo iliyosalia juu.

Mtu akisikia hadithi hizi huuliza mara moja: ipi ni ya kweli? Swali hilo ni la haki, lakini si la kwanza. La kwanza ni kuangalia kitu gani hakibadiliki na kitu gani hubadilika. Katika hadithi zote mbili neno ni lile lile, la kuzama; anayezama ndiye abadilikaye, mara tembo, mara ng'ombe. Hapo yaelekea kwamba jina lilitangulia, na hadithi zikafuata ili kulieleza. Hata sikio la Mswahili, likisikia neno hilo, hukumbuka didimia. Ingawa kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi wa undugu wa maneno.

Hata hivyo hadithi haiwi uongo mtupu kwa sababu imefuata jina. Ile ya mikia haituhakikishii kwamba wizi fulani ulitendeka siku fulani. Lakini yatuonyesha watu ambao mali yao ni ng'ombe, wanaojuana na jirani zao kwa kunyang'anyana, na wanaoona kuwa werevu wa kumcheka adui ni sifa. Hizo ni habari za historia, ijapokuwa si historia ya tukio.

Tatizo hili si la Ugogo peke yake. Nchi mojawapo ya Ulaya iliyolichunguza kwa muda mrefu ni Ireland, kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza. Huko masimulizi ya kueleza majina ya mahali yalikuwa fani kamili ya elimu, nayo iliitwa dindshenchas: kila kilima, kivuko na ziwa lilikuwa na kisa chake, na mshairi aliyestahili jina hilo alipaswa kuvijua. Kadhalika hadithi za kuteka ng'ombe zilikuwa fungu maalumu lililoitwa táin. Iliyo kubwa kuliko zote, Táin Bó Cúailnge, yasimulia jinsi Malkia Medb wa Connacht alivyopeleka jeshi Ulster kumtwaa fahali mmoja, Donn Cúailnge, na jinsi kijana Cú Chulainn alivyolizuia jeshi hilo karibu peke yake. Katika maandishi mamoja vita vyote vyaanza kitandani: Medb na mumewe Ailill wahesabu mali zao, zalingana katika kila kitu, ila mume ana fahali ambaye mke hana wa kumlinganisha naye. Mzee wa Kigogo asingehitaji kuelezwa kwa nini jambo hilo lilitosha kuleta vita.

Hadithi hizo zilikaa vinywani kabla ya kutiwa katika vitabu, na walioziandika walikuwa Wakristo. Kitabu kimojawapo cha kale, Lebor na hUidre, kiliandikwa karibu na mwaka 1100, na jina lake lahusishwa na ngozi ya ng'ombe wa Mtakatifu Ciarán. Katika kingine cha karne ya 12, kiitwacho Kitabu cha Leinster, mwandishi alipomaliza Táin aliongeza maneno ya namna mbili. Kwa Kiairishi alimwombea baraka kila atakayeihifadhi hadithi kama ilivyo bila kuigeuza. Kisha, kwa Kilatini, alisema kwamba mengi humo hayasadiki. Mtu mmoja, kalamu moja, lakini lugha mbili na hukumu mbili: katika lugha ya nyumbani ni mlinzi wa urithi, katika lugha ya shule ni hakimu wake.

Wanazuoni hao hao walitunga katika karne ya 11 kitabu cha kueleza watu wa Ireland walitoka wapi, Lebor Gabála Érenn. Humo wavamizi wafika kundi baada ya kundi, na wa kwanza ni Cessair, aliyefanywa kuwa mjukuu wa Nuhu, ili historia ya kisiwa ishikamane na ile ya Biblia. Mwaka 1946 mtaalamu wa lugha T. F. O'Rahilly alitoa kitabu kikubwa juu ya historia na visasili vya kale vya Ireland. Alidai kwamba chini ya ngano hizo mmefichwa kumbukumbu ya mafungu manne ya watu waliofika kwa zamu, naye akayapambanua kwa ushahidi wa majina na sauti. Elimu yake ilikuwa kubwa, lakini wachunguzi waliomfuata wameyakataa mengi katika nadharia hiyo. Kosa si kutumia lugha kama ushahidi. Kosa ni kuilazimisha lugha iseme yale ambayo ngano imekwisha kuyapanga.

Onyo hilo lahusu Ugogo moja kwa moja. Kila ukoo wa Wagogo una simulizi la safari yake: ulikotoka, ulikopita, na jinsi ulivyopata mamlaka juu ya nchi yake. Koo nyingi zataja Uhehe. Nyingine zataja Unyamwezi, Ukaguru na kwingineko. Mwenye mamlaka, mtemi, ndiye mwenye kigoda na mawe ya mvua, na simulizi laeleza jinsi vitu hivyo vilivyomfikia. Kwa hiyo simulizi ni zaidi ya kumbukumbu. Ni hati ya haki. Ndivyo ilivyokuwa Ireland pia, ambako nasaba za wafalme zilirekebishwa kila nguvu zilipohama kutoka jamaa moja hadi nyingine. Anayesikiliza hana budi kuuliza ni haki ya nani inayotetewa.

Aliyeyatia mapokeo ya Ugogo katika kitabu ni Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, ambaye wengi wamjua zaidi kwa mashairi na ngonjera zake. Kitabu chake, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kilitolewa mwaka 1954, na mwaka 1995 tafsiri yake ya Kiingereza ilitolewa na Gregory Maddox. Kama waandishi wa Ireland, Mnyampala alikuwa Mkristo aliyeandika mambo ya wahenga wasiokuwa Wakristo. Lakini tofauti moja ni kubwa. Wao waliandika hadithi zao kwa lugha iliyozisimulia. Yeye aliandika kwa Kiswahili. Faida yake ni dhahiri: Mgogo, Mhehe na Mpwani waliweza kusoma kitabu kimoja. Hasara yake nayo yafaa ipimwe. Fumbo la Kigogo, jina la sifa, kiitikio cha wimbo ndani ya hadithi, vyote hivyo hupungua vikihamishwa, na mara nyingi ndivyo vibebavyo maneno ya kale zaidi.

Kuna hatari nyingine iletwayo na kitabu chochote kile. Pale penye koo nyingi zenye masimulizi mengi, kitabu huleta moja. Kijana aliyekisoma humsahihisha babu yake kwa kitabu, na baada ya muda mchunguzi husikia maneno ya kitabu kutoka kinywani mwa mzee, akadhani amepata ushahidi wa pili. Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwaka 1961 juu ya mapokeo ya mdomo, alisisitiza kwamba kila ushuhuda una mnyororo wake, na mnyororo huo lazima ufuatwe pete kwa pete.

Kwa nyakati za karibu Wagogo wana kipimo chao cha miaka, nacho ni majina ya njaa. Njaa ya mwaka 1917 hadi 1920 huitwa Mtunya. Ilikuja baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, na mvua nazo zikakosekana. Mzee akisema fulani alizaliwa wakati wa Mtunya, ametaja mwaka kwa uhakika unaotosha. Kwa nyakati za mbali kipimo hicho hakifiki, na hapo yapasa kuuliza mashahidi wasiosimulia. Wilaya za Dodoma na Kondoa zina lugha za asili za jamii nne: Kigogo na Kirangi ni za Kibantu, Kiburunge na Kialagwa ni za Kikushi, Kibarabaig ni ya Kiniloti, na Kisandawe chenye vidoko kimesimama peke yake. Miamba ya Kondoa ina michoro ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika Urithi wa Dunia. Na katika pango la Kisese vimechimbuliwa vipande vya maganda ya mayai ya mbuni vyenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. Hakuna ukoo wenye simulizi lifikalo huko, wala haifai kulivuta simulizi lolote lifike.

Kazi iliyo mbele ya mchunguzi, basi, si kuchagua kati ya tembo na ng'ombe. Ni kuandika hadithi zote mbili, na ya tatu ikiwapo, kwa Kigogo kwanza na kwa Kiswahili baadaye, pamoja na habari ya msimulizi: ni wa ukoo gani, aliisikia kwa nani, na kama amekisoma kitabu. Tangu mwaka 1973 ulipokatwa shauri la kuhamishia makao makuu ya Serikali Dodoma, mji umekua na lugha ya mji ni Kiswahili. Waandishi wa Ireland waliwahi masimulizi yao yangali yakisimuliwa. Huko Ugogo bado wako wazee wayajuao. Lakini mzee hangoji, na kinamasi kikishajengwa juu yake nyumba, ni neno tu litakalobaki kusema kwamba hapo palizama kitu.