Mwenye Gari Mgumu: Ugumu Upi Unakula Hela Yako?

Saa moja asubuhi, Tabata, Dar es Salaam. Nilikuwa nimepatana na kijana mmoja nikaione Subaru Impreza WRX yake ya mwaka 2003, na usiku uliotangulia nilimwomba jambo moja tu: asiwashe gari mpaka nifike. Nilipofika tulisalimiana, nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. "Nimelisogeza tu hapo getini, kaka," akasema. Geti lilikuwa hatua kumi kutoka tuliposimama. Injini haipati moto wa namna ile kwa hatua kumi.

Kijana yule alikuwa mpole sana. Bei yake milioni 14, "na maongezi yapo". Siku tatu baadaye nilikwenda Mbezi kwa mzee mmoja mwenye Impreza ya umri uleule. Yeye alitaka milioni 17. Baada ya shikamoo nikajaribu kumwomba apunguze. "Kijana, bei ni hiyo," akanijibu. "Lakini gari likague utakavyo, hata ukilala chini yake kutwa." Nilirudi nyumbani nimeudhika. Wiki mbili baadaye nilimlipa milioni 17 zilezile, na leo ningemlipa tena.

Wanunuzi wengi tunamwita "mgumu" muuzaji asiyeshusha bei. Ugumu huo haudhuru, kwa sababu unaujua ukubwa wake tangu dakika ya kwanza. Ugumu wa kuogopa ni wa anayekataa gari lake lisikaguliwe. Huo bei yake unaijua baadaye, ukiwa umeshalipa.

Njia tatu za kulipata gari

Anayetaka gari la spoti lililotumika, iwe Impreza, Toyota Altezza au Mazda RX-8, ana njia tatu.

Ya kwanza ni kuagiza Japani. Faida yake kubwa ni karatasi ya mnada, inayoonyesha hali ya gari na kilometa zake siku lilipouzwa kule. Gharama yake ni kodi. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, na VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya jumla iliyokwishabeba ushuru huo. Shilingi 100 za thamani zinafika 147.50 kabla hujaongeza ushuru wa bidhaa na tozo nyingine. Tena thamani inayotumika ni ile inayokubaliwa na TRA, si lazima iwe bei uliyolipa wewe. Kisha kuna ushuru wa ziada kwa gari lenye miaka minane na kuendelea, unaopanda zaidi likipita miaka kumi. Altezza ilitengenezwa kati ya 1998 na 2005, kwa hiyo hakuna Altezza inayokwepa kiwango cha juu. Kabla ya kutuma hata senti, ingiza aina na mwaka wa gari kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni. Jua pia kwamba hununui peke yako: Marekani hulegeza masharti kwa gari lililotimiza miaka 25, na wanunuzi wa huko wanayagombania magari ya spoti ya zamani kwenye minada ya Japani.

Ya pili ni yadi. Kodi imeshalipwa, gari unaliona kwa macho, na baadhi ya yadi hukubali malipo kwa awamu. Lakini unalipia faida ya mwenye yadi, magari ya spoti huko ni machache, na gari lililopokelewa kwa kubadilishana huwa halina mtu wa kukusimulia maisha yake.

Ya tatu ni kununua mkononi kwa mwenyewe. Mara nyingi hapa ndipo bei inapokuwa nafuu, na hapa ndipo unapokutana na binadamu kwa sura zake zote.

Kukataa kuna bei yake

Nilichojifunza ni kusikiliza kile muuzaji anachokataa.

Anayekataa uwashe injini ikiwa baridi anaweza kuwa anaficha moshi. Silinda za Subaru zimelala, hazikusimama kama za magari mengi, kwa hiyo oili inayovuja usiku hujikusanya na kutoka kama moshi wa bluu gari linapowashwa asubuhi. Injini ikishapata moto, ushahidi huo umepotea.

Anayekataa gari lipandishwe juu anakunyima kuona kutu, chesisi iliyonyooshwa baada ya ajali, na oili inayodondoka kwenye giaboksi.

Anayekataa kompresheni ipimwe anakuuzia injini usiyoijua. Kwa RX-8 jambo hili ni zito zaidi, maana injini yake ya rotari haina pistoni na hupimwa kwa kifaa maalumu. Kama fundi wako hana kifaa hicho, tafuta aliye nacho au liache.

Halafu yupo anayedai alipwe kila kitu alichofunga: rimu, egzosti kubwa, kompyuta iliyobadilishwa ili tabo isukume zaidi. Usibishane naye kuhusu alichotumia. Mwambie unanunua gari, na kwamba injini iliyoongezwa nguvu imefanya kazi zaidi ya ile iliyoachwa ilivyotoka kiwandani.

Na yupo wa "namba D". Mjini kwetu herufi ya kibao cha namba imekuwa sehemu ya bei, kana kwamba ndiyo umri wa gari. Herufi hiyo inakuambia gari lilisajiliwa Tanzania lini. Impreza ya 2003 iliyosajiliwa miaka kumi baadaye bado ni ya 2003. Uliza mwaka wa kutengenezwa, na usilipie herufi.

Hesabu ya magari mawili

Nilimlipa fundi wangu laki moja kwa kila gari, na aliniandikia makadirio.

Gari la Tabata: klachi inateleza, laki 9. Tabo inavuja, milioni 1.5. Mkanda wa taimingi hauna risiti, na katika injini ile mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni, kwa hiyo ubadilishwe pamoja na puli zake, laki 7. Tairi nne, milioni 1. Jumla milioni 4.1. Kijana alishuka hadi milioni 13.5, ikawa milioni 17.6, na kompresheni alikuwa amekataa isipimwe.

Gari la Mbezi: shokapu za mbele, laki 5. Ukiongeza milioni 17 unapata 17.5. Mzee alinitolea faili la kaki lenye risiti zote, ya mkanda wa taimingi ikiwamo, kila moja imeandikwa kilometa kwa kalamu ya wino. Kompresheni ilipimwa, na silinda zote nne zikakaribiana.

Tofauti ya bei ya mdomoni ilikuwa milioni 3.5. Baada ya fundi, gari "ghali" lilikuwa nafuu kwa laki moja, na lilikuwa na injini ninayoijua.

Karatasi, kisha hela

Kadi ya gari iwe halisi, na jina lililo kwenye kadi liwe la mtu aliyesimama mbele yako. Linganisha namba ya chesisi ya kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye bodi. Ukiambiwa kadi imepotea na kuonyeshwa karatasi ya polisi tu, subiri mpaka mwenyewe apate kadi mpya, kwa sababu kadi "iliyopotea" inaweza kuwa kwa mkopeshaji. Dalali si mwenye gari hata akiwa na funguo. Angalia faini za barabarani kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, na aliyezipata azilipe yeye.

Mkataba usainiwe kwa wakili, hela ipite benki, na mwende TRA pamoja kubadilisha umiliki. Mkubaliane mapema nani analipa ada. Ukiliacha gari kwa jina la zamani, makosa yako yatamfuata yeye, na deni lake linaweza kukufuata wewe.

Mwenye haraka atakuambia kuna mteja mwingine anakuja jioni. Mwache aje. Mzee wa Mbezi hakunihimiza hata siku moja katika wiki zile mbili. Nilipompigia simu kwamba nimeridhika, aliuliza tu kama nitafika mapema kesho yake, ili asiliwashe.