Nani akimbie na wanawake?

Julai 2025, mjini Eugene nchini Marekani, Faith Kipyegon alikimbia mita 1500 kwa dakika 3:48.68 na kuweka rekodi mpya ya dunia ya wanawake. Rekodi ya wanaume, ya Hicham El Guerrouj wa Morocco, ni 3:26.00. Kama mbio zingekuwa za pamoja, malkia huyu wa Kenya asingevuka hata mchujo. Mbio za wanawake zilitengwa ili kipaji kama chake kionekane.

Pengo hilo huletwa hasa na balehe. Kabla yake, mvulana na msichana hupishana kidogo tu. Inapofika, korodani huzalisha testosteroni kwa wingi: misuli hujaa, mifupa hurefuka, moyo hukua na damu hubeba oksijeni zaidi.

Mwanamke aliyebadili jinsia baada ya kubalehe kama mwanamume anaweza kuishusha homoni hiyo kwa dawa. Hemoglobini yake hupungua ndani ya miezi michache. Misuli hupungua polepole, na kimo hubaki kilekile. Tafiti nyingi zimefanywa kwa watu wasio wanamichezo, hivyo wataalamu bado wanabishana kuhusu ukubwa wa faida inayobaki. Mashirikisho ya dunia ya kuogelea, mwaka 2022, na riadha, mwaka 2023, yaliamua kwamba aliyepitia balehe ya kiume asishindane na wanawake.

Hapo ndipo wengi wetu huchanganya mambo mawili. Katika mita 800 za Olimpiki ya Rio mwaka 2016, medali zilikwenda kwa Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Hakuna hata mmoja kati yao aliyebadili jinsia. Walizaliwa wakaitwa wasichana, wakalelewa wasichana. Miili yao ndiyo ina testosteroni nyingi kwa maumbile. Kanuni za shirikisho la riadha zilizoanza kutumika mwaka 2019 ziliwataka waishushe kwa dawa au waache mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja. Niyonsaba alihamia mbio ndefu, na mwaka 2021 akavunja rekodi ya dunia ya mita 2000. Mwaka 2023 kanuni hizo zikapanuliwa hadi mashindano yote ya riadha.

Tangu Septemba 2025, mwanariadha wa kike anayetaka kushiriki mashindano ya dunia hupimwa jeni la SRY, ambalo kwa kawaida hukaa kwenye kromosomu ya kiume, mara moja maishani, kwa ute wa shavuni au damu. Kipimo ni chepesi. Majibu yake ni mazito. Mwaka 1985 Mhispania María José Martínez-Patiño aliondolewa mashindanoni kwa kipimo cha kromosomu, habari zikavuja, akapoteza mchumba na rekodi zake. Baadaye ilithibitika kwamba mwili wake haukuweza kuitumia testosteroni hata kidogo. Alirudishwa mwaka 1988, miaka yake bora ikiwa imepita.

Naamini mbio za wanawake lazima zilindwe, na mpaka wake uwe wa kibiolojia. Lakini haki ya Kipyegon haihitaji kumvua nguo mwingine hadharani. Shirikisho linalompima binti wa miaka 17 kutoka Iten nchini Kenya au Gitega nchini Burundi limwandalie kwanza daktari anayezungumza lugha yake, mshauri, na njia ya kukata rufaa. Majibu yake ayasikie yeye mwenyewe, chumbani kwa daktari, kabla ya kocha na kabla ya redio.