Je, video za wachezaji huuza michezo ya kompyuta?

WATENGENEZAJI wa michezo ya kompyuta hawajaafikiana kuhusu video ambazo wachezaji mashuhuri hujirekodi wakicheza, kisha wakazitia katika YouTube na Twitch. Je, humvuta mtazamaji akanunue mchezo, au humshibisha akaenda zake?

Kampuni ndogo ya Marekani, InnerSloth, ilipotoa Among Us mnamo 2018, ni wachache walioujua. Mwaka wa 2020, watu wakiwa wamejifungia majumbani kwa hofu ya corona, wachezaji wenye wafuasi wengi waliucheza hadharani. Ukavuma duniani, hata InnerSloth ikafutilia mbali mpango wa toleo la pili ili iushughulikie ule ule wa kwanza.

That Dragon, Cancer, uliotolewa Januari 2016, haukubahatika hivyo. Ryan na Amy Green waliutunga kuhusu mwana wao Joel, aliyefariki kwa saratani akiwa mdogo. Video zilizoonyesha kisa chote zilitazamwa mno, lakini Machi mwaka huo Ryan alifichua kuwa watayarishi hawakuwa wamepata hata dola moja kutokana na mauzo.

Tofauti imo katika michezo yenyewe. Among Us huchezwa na kundi, na kila duru ina msaliti wake. Kuutazama huzidisha hamu. Aliyetazama kisa cha Joel hadi tamati hakubakiwa na la kununua. Hata hivyo, Ryan hakutaka video hizo zipigwe marufuku. Aliwasihi watazamaji wawatumie walau dola moja.