Kozi Iko Mtandaoni, Jibu Liko kwa Nyanya

Je, msomaji, unapopita Kariokor jijini Nairobi ukielekea Pumwani, umewahi kujiuliza jina hilo lilitoka wapi?

Wengi wanaojiandikisha kusomea historia ya kisasa ya Afrika Mashariki kwa njia ya mtandao huanza na swali dogo kama hilo. Punde hugundua kuwa ni Carrier Corps, jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza vya 1914 hadi 1918, likitamkwa kwa ndimi zetu. Zaidi ya wapagazi 40,000 walifariki, wengi wao kwa maradhi wala si kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam nayo ilipata jina lake kutokana na kikosi hicho hicho.

Hata hivyo, usidhani kozi ya mtandaoni ni mteremko. Haina kengele wala mwalimu wa zamu. Utaketi saa tatu usiku watoto wamelala, bando linakaribia kwisha, na stima ikipotea, basi somo nalo limekwenda.

Mama mmoja wa mtaa wa Umoja anasema wiki ya kwanza alisinzia mbele ya simu, akagutuka na kukuta mhadhara umemalizika bila yeye. Dawa yake ikawa kuamka saa kumi na moja alfajiri na kuandika kwa kalamu, ukurasa mmoja kwa kila somo.

Lakini ugumu hasa ulimngoja mbele, katika somo la Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 20, 1952 na kuondolewa Januari 1960. Alisoma jinsi watu wa Mkoa wa Kati walivyohamishwa kwa nguvu kuanzia 1954 na kusongamanishwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Alisoma pia kuwa kati ya walinzi wa vijiji hivyo, wengi walikuwa Waafrika wenzao. Na asidhani mambo hayo yalizikwa: Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kuhusu mateso ya wakati huo na kukubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228.

Zoezi la wiki hiyo lilikuwa kumhoji mzee. Bi huyo alifunga safari hadi Murang'a kwa mamake. Ajuza alinyamaza kitambo, akipepeta mchele, kisha akasema: "Baba yangu alikuwa msituni. Ndugu yake ndiye aliyekuwa akilinda lango."

Hapo ndipo alipoelewa kwa nini tangu utotoni pande mbili za ukoo wao hazikuzikana. Hakuna mtu aliyewahi kuwaeleza watoto sababu.

Cheti alikipata. Ila mwezi uliofuata alifanya jambo lisilotahiniwa: alimpeleka mamake kumwona binamu wa upande ule mwingine. Walikunywa chai, wakazungumzia mvua na bei ya mbolea. Ya kale hayakutajwa. Lakini walipoaga, binamu aliwasindikiza hadi barabarani.

Ewe msomaji, ukitaka kuanza, uliza kwanza kama cheti kinalipiwa na kozi itachukua wiki ngapi. Tafuta mwenzako wa kusoma naye, maana upweke huwashinda wengi kuliko ugumu wa masomo. Chagua kozi inayokuonyesha hati za pande zote, si ya mshindi pekee. Na wewe mwanafunzi, usinakili majibu: mtahini utamdanganya, nafsi yako hutaiweza.

Zaidi ya yote, usingoje zoezi ndipo umhoji nyanyako. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Huenda aliyeyaona yuko jikoni kwako sasa hivi, akingoja tu mtu wa kumwuliza.