Kioo, Kinyago na Kipimo: Sanaa ya Tarakilishi kama Njia ya Utafiti

Ni mazoea kuitenga kazi ya msanii na ile ya mtafiti: wa kwanza hubuni, wa pili huchambua. Katika uwanja wa sanaa ya tarakilishi mgawanyo huo wayumba, na kazi ya Joy Buolamwini yatoa ushahidi ulio bayana.

Mnamo mwaka wa 2015, Buolamwini, aliyekuwa mwanafunzi wa MIT nchini Marekani, alibuni kioo kilichonuiwa kuutandazia uso wa mtazamaji taswira nyingine, mathalani sura ya simba. Ilibidi programu ya kamera iutambue uso kwanza. Uso wake mweusi haukutambuliwa. Alipovaa kinyago cheupe, ukaonekana. Kwa fundi, hilo lingekuwa kosa la kurekebishwa. Kwa mhakiki wa vyombo vya mawasiliano, lilizua swali: chombo hiki kilifunzwa kwa nyuso za akina nani?

Swali hilo lilizaa utafiti alioutoa mwaka wa 2018 pamoja na Timnit Gebru. Walikusanya picha 1,270 za wabunge wa Rwanda, Senegali, Afrika Kusini, Aislandi, Ufini na Uswidi, wakazipima kwazo programu tatu za kibiashara zinazoainisha jinsia. Hawakutosheka na wastani wa jumla. Walivipima vigezo viwili pamoja, jinsia na rangi ya ngozi. Ndipo lililofichwa na wastani lilipojitokeza: wanaume weupe walikosewa kwa kiwango kisichozidi asilimia 0.8, ilhali wanawake weusi walikosewa hadi asilimia 34.7.

Mwaka uo huo Buolamwini aliirejea sanaa kwa shairi la video. Humo mashine zinawadhania Sojourner Truth, Michelle Obama na Serena Williams kuwa wanaume. Asiyesoma majedwali aliweza sasa kuiona dhuluma yenyewe.

Upimaji wa mwaka wa 2019 ulionyesha kwamba programu hizo zilikuwa zimepunguza makosa. Hata hivyo, usahihi haulingani na haki: kamera iutambuayo kila uso yaweza pia kumpeleleza kila mwenye uso. Hapo nadharia ingali na kazi. Yafaa basi ikumbukwe kwamba kioo ndicho kilichotangulia, na kipimo kikafuata. Chuo kinachoitambua tasnifu iliyoandikwa peke yake kingeliona jibu, kisijue swali lilitoka wapi.